Breki za haibridi: yanayosemwa gereji na yaliyo kweli

Ukikaa nusu siku kwenye gereji yoyote ya Mbeya, iwe Mwanjelwa au kule Uyole, utaona Aqua na Prius zimepanga foleni pamoja na Noah na Fuso. Haibridi, yaani magari yenye injini ya mafuta na mota ya umeme pamoja, zimeshakuwa magari yetu. Maarifa ya kuzitengeneza ndiyo yanayochelewa kufika, na kwenye breki ucheleweshaji huo ni hatari, kwa sababu nyanda zetu hizi hazina barabara tambarare ya kusamehe makosa. Kitonga kule Iringa, Mlima Nyoka, mteremko wa Inyala, Senjele ukielekea Tunduma: kote huko breki ndiyo gari.

Haya ninayoyaandika nayasikia kila wiki kutoka kwa wateja, na mengine kutoka kwa mafundi wenzangu ambao nawaheshimu. Nitayapanga kwa jinsi yanavyonisumbua.

"Fundi, kubadilisha pedi ni kubadilisha pedi. Toa tairi, fungua kalipa, weka mpya."

Hili ndilo lililoharibu magari mengi kuliko yote.

Kwenye gari la kawaida mguu wako unasukuma masta (pampu kuu ya breki), masta inasukuma oili ya breki, oili inasukuma pistoni iliyo ndani ya kalipa, pistoni inabana pedi kwenye diski. Kwenye Prius na Aqua, ukikanyaga pedali unapeleka ombi kwenye kompyuta. Kompyuta inagawa kazi: sehemu moja inafanywa na mota ya umeme, ambayo hugeuka jenereta na kulizuia gari huku ikichaji betri kubwa, sehemu iliyobaki wanaachiwa pedi na diski. Na shinikizo la kubana hizo pedi halitoki mguuni kwako. Linatoka kwenye pampu ya umeme inayojaza akumuleta, kopo la chuma lenye gesi ya naitrojeni iliyobanwa, likisubiri amri. Hata ule ugumu unaousikia pedalini umetengenezwa na kifaa maalumu ili mguu wako usishangae.

Sasa fikiria. Gari liko juu ya jeki, kalipa imening'inia, pedi zimetolewa. Msaidizi anafungua mlango wa dereva achukue spana aliyoisahau kwenye kiti. Prius ikisikia mlango umefunguliwa inaamka na kuanza kujaza shinikizo, ikidhani dereva amekuja. Mtu akigusa pedali hapo, pistoni zinatoka. Nimeshapokea Aqua iliyoletwa na bredauni kutoka gereji nyingine hapa mjini, pistoni moja imechomoka, oili imemwagika chini, dashibodi ina taa za kila rangi. Mwenye gari, dada mmoja anayefanya biashara ya mchele wa Kyela, alikuwa amekwenda kubadilisha pedi tu.

Namna sahihi haina uchawi. Zima gari. Ufunguo wa kisasa, ule wa kukaa nao mfukoni, upelekwe mbali na gari kabisa. Fungua milango na boneti unayohitaji mapema, toa kila unachokitaka ndani, kisha fungua waya hasi wa betri ndogo ya volti 12. Kwenye Prius nyingi betri hiyo iko nyuma kwenye buti, kwenye Aqua iko chini ya kiti cha nyuma. Subiri dakika kadhaa, ndipo ufungue kalipa. Mwenye mashine ya kupimia inayoielewa Toyota vizuri anaweza badala yake kuiamuru gari isiguse breki mpaka amalize. Ukisukuma pistoni kurudi ndani, sukuma polepole na uangalie kopo la oili lisifurike, maana oili ya breki inakula rangi ya gari. Kama hukufungua bomba lolote, huna haja ya kutoa upepo, yaani hewa iliyonaswa kwenye mabomba.

Na wale wanaoogopa kwamba wakigusa breki watapigwa na umeme wa volti 200: breki zinatumia volti 12. Nyaya za hatari ni zile nene za rangi ya chungwa. Ziache zilivyo.

"Haibridi haili pedi, hii naiuza na pedi zake za Japani."

Ni kweli pedi zinadumu sana, kwa sababu mota inafanya kazi kubwa. Lakini kitu kisichofanya kazi nacho huharibika. Pini za kalipa zikikaa bila kusogea hukauka grisi na kukwama. Pedi ya ndani inalika hadi chuma wakati ya nje bado nene, na mtu aliyechungulia kwa nje tu anasema ziko safi. Huku Rungwe mvua haitaki ruhusa ya mtu, diski zinashika kutu. Ukipanda Chunya kiangazi, vumbi linajaa kila tundu. Mimi nataka tairi zitoke na kalipa zifunguliwe angalau mara moja kwa mwaka, pini zisafishwe na kupakwa grisi ya breki, hata kama pedi bado nzima. Ngoma za breki za nyuma za Aqua nazo zifunguliwe. Hazionekani, kwa hiyo zinasahaulika.

"Kwenye mteremko weka N, gari linateleza lenyewe, mafuta yanabaki."

Tafadhali, usifanye hivyo. Kwenye N, gia huru, mota haizuii gari na betri kubwa haichajiwi. Umejinyima breki ya umeme, umejinyima na injini, umewaachia pedi mzigo wote. Mafuta unayodhani unayaokoa, ungeyaokoa zaidi ukibaki kwenye D, gia ya kwenda mbele, kwa sababu gari lingekusanya umeme wa kutumia kwenye kilima kinachofuata.

Lakini nayo D ina kikomo chake, na hapa ndipo hata madereva wazuri wanapojikwaa. Wanaamini mota itazuia gari mpaka chini ya mlima. Tupige hesabu kwa uniti, zile zile unazonunua kwenye LUKU. Gari la tani moja na nusu, abiria na mizigo ndani, likishuka mita 100 kwa wima linatoa nishati ya kama uniti 0.4. Betri kubwa ya Aqua, yote nzima, haifiki uniti moja, na kompyuta hairuhusu ijae hadi juu. Inaiacha na nafasi ili isichakae. Sehemu ya nishati inaliwa na upepo na matairi, sawa, lakini kwenye mteremko mkali kama Kitonga betri inashiba mapema kabla hujafika chini. Ikishiba, mota inapunguza kuzuia, na pedi ambazo zilikuwa zimelala ghafla zinaamshwa kubeba gari zima.

Ndiyo maana kuna herufi B kwenye gia. Watu wengi wanadhani ni B ya betri na hawaigusi. Ukiweka B, gari linaizungusha injini ili iwe mzigo, na nishati inaishia humo. Utasikia injini inalia ingawa hukanyagi mafuta, usiogope. B ni ya miteremko mirefu. Mjini na tambarare rudi D.

"Kinalia kama nyuki nikifungua mlango, pampu imekufa."

Mlio wa muda mfupi ukifungua mlango au ukikanyaga breki mara kadhaa ni pampu ikijaza akumuleta. Iko hai. Cha kusikiliza ni mara ngapi. Washa gari likiwa limesimama mahali tulivu, kanyaga breki, achia, halafu kaa kimya uhesabu. Pampu ikilia kisha ikatulia, vizuri. Ikirudi kulia kila baada ya sekunde chache na mguu wako haupo pedalini, shinikizo linavuja ndani kwa ndani, na pampu inafanya kazi ya kujaza gunia lililotoboka. Kwenye mashine mara nyingi utakuta namba ya hitilafu C1391, maana yake shinikizo la akumuleta linapotea isivyo kawaida. Zikija taa za breki na ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasikwame ukifunga breki) pamoja na mlio wa onyo usiokatika, paki pembeni. Gari la haibridi lisivutwe kwa kamba magurudumu ya mbele yakizunguka chini, yainuliwe.

Kopo hilo la naitrojeni si hadithi ya magari chakavu tu. Juni 2013 Toyota iliyaita kurudi magari takriban 242,000 duniani, Prius na Lexus zilizotengenezwa mwaka 2009, kwa sababu akumuleta ingeweza kupasuka na gesi kuingia kwenye oili ya breki. Prius za miaka ile zipo barabarani kwetu. Kama yako ni ya wakati huo, chukua namba ya chasisi utafute kama iliitwa na kama ilitengenezwa.

"Nunua pampu ya ABS ya used, funga, toa upepo, twende."

Pampu ya ABS, kama tunavyoiita, kwenye haibridi ni zaidi ya pampu ya ABS. Ndiyo inayotengeneza breki. Kabla ya kulegeza bomba hata moja, shinikizo lililo ndani ya akumuleta lazima lishushwe kwa mashine, maana oili inayoruka kwa nguvu ile inaweza kupofua jicho. Namba ya kifaa kipya ifanane na ya zamani. Magari mawili ya jina moja yanaweza kuwa na vifaa tofauti.

Kisha kutoa upepo. Ile njia yetu ya mmoja kanyaga-kanyaga-shika, mwingine analegeza nipo (skrubu ndogo ya kutolea hewa kwenye kalipa), ilitulea wote na bado inafaa kwenye Corolla. Ukishafungua pampu ya haibridi, hewa inakaa kwenye vyumba ambavyo mguu haufiki. Mashine ndiyo inayoamuru vali zifunguke kwa zamu na pampu iendeshe oili. Na ukimaliza kazi bado haijaisha: kompyuta inapaswa kujifunza upya vali za kifaa kipya. Ukiliruka hilo, taa hazizimi, na mteja anaambiwa amenunua pampu mbovu wakati pampu ni nzima.

Kuhusu used yenyewe, sitamlaumu mtu. Mpya ni ghali. Lakini gesi ya akumuleta na mipira ya ndani vinazeeka hata kifaa kikiwa rafuni. Mwombe muuzaji akuonyeshe gari kilikotoka na maili zake, na mkubaliane mapema kama kikikataa kitarudi.

"Oili ya breki haibadilishwi, inaongezwa."

Oili ya breki inavuta maji kutoka hewani. Oili ya DOT 3 ikiwa mpya inachemka kuanzia nyuzijoto 205. Ikishavuta maji kiwango chake kinaweza kushuka hadi karibu 140. Ikichemka inatoa mvuke, na mvuke unabanika, kwa hiyo pedali inazama. Badilisha kila baada ya miaka miwili hivi, kwa aina iliyoandikwa kwenye mfuniko. Na kamwe usiongeze oili ya injini au ya gia. Mipira itavimba, na utabadilisha kila kitu.

Ukishafunga pedi mpya, rudisha waya wa betri, kisha kabla gari halijasogea hata hatua moja kanyaga breki mara kadhaa, taratibu, mpaka pedali iwe imara, uangalie na kopo la oili. Lijaribu kwanza uani, mbele na nyuma, kwa mwendo wa mtu anayetembea. Halafu barabara tambarare isiyo na watu, punguza spidi kwa upole mara kadhaa pedi zizoeane na diski. Mimi silirudishi gari kwa mteja siku hiyo hiyo kama najua kesho alfajiri anashuka Kitonga. Namwomba alitumie mjini siku mbili, alilete tena, nitoe tairi niangalie kama kuna unyevu kwenye kalipa.