Je, wajua mbona barua ya kuacha kazi hupelekwa kopi mbili?

Kaa kidogo kwa saiba yoyote ya Nakuru mwisho wa mwezi utaona hii kitu. Mtu anachapisha barua ya kuacha kazi, ukurasa mmoja tu, alafu anamwambia kijana wa mashine, "Bro, nitolee mbili." Moja ni ya bosi, sawa, na ya pili je?

Ya pili ni yake mwenyewe, ila lazima ipite ofisini kwanza. Anazipeleka zote kwa sekretari, sekretari anazigonga mhuri wa kupokea wenye tarehe na kutia sahihi, moja inaingia faili na ingine anarudishiwa. Wengi hudhani ni mbwembwe za ofisi za serikali, kumbe pesa iko hapo.

Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 35, inasema mtu anayelipwa kwa mwezi akitaka kuacha kazi, ama bosi akitaka kumwachisha, notisi iwe ya maandishi na ya siku 28, labda kama mlikubaliana muda mrefu zaidi kwa mkataba. Na hizo siku zinaanza ukishaipeana notisi, si ile usiku uliiandika ukiwa na hasira. Sasa juu ya barua umeandika tarehe 1, ofisi inasema iliiona tarehe 9, nani ataamua? Mhuri. Na ukitoka bila notisi unaweza kudaiwa mshahara wa hicho kipindi, lakini pia ukipeana notisi vizuri alafu bosi akasema "beba vitu zako uende leo", yeye ndiye anakulipa zile siku zimebaki. Hii ya pili watu wengi hawaijui, wanaenda nyumbani wakishukuru wameachiliwa mapema.

Barua yenyewe haitaki maneno mengi. Juu weka anwani na tarehe, kisha kichwa kwa herufi kubwa, kitu kama YAH: KUACHA KAZI YA KARANI WA STOO, ndio mwenye kufungua faili mwaka ujao asisome yote kutafuta inahusu nini. Chini yake: "Hii ni notisi yangu ya mwezi mmoja. Siku yangu ya mwisho kazini itakuwa tarehe 30 Juni." Shukrani kidogo, sahihi, imeisha. Mambo ya supavaiza alivyokusumbua miaka yote usiyaweke hapa, hayo yana barua yake ya malalamiko, na mimi naona ungeiandika ukiwa bado kazini.

Kuna ile ingine inaogopwa, barua ya kutakiwa kujieleza. Kwa nini bosi hakufuti tu mara moja? Kifungu cha 41 kinamlazimu, kabla akuachishe kwa makosa ama kwa kazi mbovu, akueleze sababu kwa lugha unaelewa, ukiwa na mfanyakazi mwenzako ama mtu wa chama cha wafanyakazi, na akusikize. Kwa hivyo ukiipata usiipasue, ijibu ndani ya siku ulizopewa, jibu kila shtaka lililoandikwa, na jibu lako pia ligongwe mhuri, juu mambo yakifika mahakama ya ajira, iwe hapa Nakuru ama Kisumu, swali la kwanza karibu litakuwa kama ulipewa nafasi ya kusikizwa.

Alafu cheti cha huduma. Ukishafanya angalau wiki nne mfululizo ni haki yako hata kama mliachana vibaya, lakini kitasema tu ulianza lini, ukaisha lini, na ulikuwa unafanya kazi gani na wapi. Sheria haimlazimishi bosi akusifu, kwa hivyo ukitaka sifa omba barua ya mapendekezo kando, na uombe kwa heshima.

Na mapokezi wakikataa kugonga mhuri? Usipigane na sekretari, yeye ametumwa tu. Tuma hiyo hiyo barua kwa imeili ya HR, ama uende Posta uitume kwa rejista, na hapo ndio ile S.L.P. ya kampuni na kodi ya posta, 20100 ya Nakuru ama 40100 ya Kisumu, zenye watu huandika tu kwa mazoea, zinakuwa na kazi kweli. Risiti ya Posta ibane kwa kopi yako na stepla, usiiache kwa mfuko wa suruali.