Jeanne d'Arc ya mwaka 1900: jinsi ya kuitazama filamu bubu ya Georges Méliès

Mtu anayefungua filamu bubu kwa mara ya kwanza mara nyingi huiacha baada ya dakika mbili. Kamera haisogei, hakuna anayesema neno, waigizaji wanarusha mikono juu, na matukio yanaruka bila maelezo. Anaona ni kazi ya watu waliokuwa hawajajua kusimulia. Sisi tunaofanya kazi ya kuhifadhi filamu tunalipinga hilo kila siku, na mfano ninaopenda kuutumia ni *Jeanne d'Arc*, aliyoitengeneza Mfaransa Georges Méliès mwaka 1900. Ina urefu wa takriban dakika kumi tu. Ilitengenezwa kwa ajili ya watu waliokuwa wanaijua hadithi tangu utotoni, kwa hiyo haikuhitaji kuwasimulia. Walilipa ili waione.

Kwa asiyeijua, hadithi ni hii. Jeanne alizaliwa kijiji cha Domrémy karibu mwaka 1412, wakati Waingereza wameshika sehemu kubwa ya Ufaransa. Akiwa bado binti mdogo alisema anasikia sauti za watakatifu zikimtuma kumsaidia mfalme. Mwaka 1429 jeshi aliloandamana nalo liliukomboa mji wa Orléans, na Julai mwaka huohuo Charles VII akatawazwa Reims. Mwaka uliofuata alikamatwa Compiègne, akauzwa kwa Waingereza, akashtakiwa kwa uzushi wa dini, na tarehe 30 Mei 1431 akachomwa moto Rouen. Hukumu hiyo ilitenguliwa mwaka 1456.

Alikuwa mtu halisi, lakini kufikia mwishoni mwa karne ya 19 Wafaransa walikuwa wamemgeuza shujaa wa masimulizi, na kila upande ulimvutia kwake. Waumini wa Kikatoliki walimwona mtakatifu, ingawa Kanisa halikumtangaza rasmi hadi mwaka 1920. Wafuasi wa Jamhuri walimwona binti wa wakulima aliyetupwa na mfalme na kuchomwa na mahakama ya Kanisa. Mwaka mmoja kabla, Méliès alikuwa ametoa filamu kuhusu kesi ya Dreyfus, afisa wa jeshi Myahudi aliyesingiziwa uhaini, kesi iliyoipasua nchi yake. Kwa maoni yangu, hakumchagua Jeanne bila kufikiri: huyu alikuwa mtu ambaye pande zote mbili zingekata tiketi kumwona.

Méliès alikuwa mwanamazingaombwe, mwenye ukumbi wa Robert-Houdin jijini Paris. Mwaka 1897 alijenga studio ya vioo huko Montreuil ili mwanga wa jua uingie kila upande. Mazingira yote ya *Jeanne d'Arc*, kuanzia msitu na kanisa kuu hadi gereza, yalichorwa kwenye mbao na vitambaa. Yalipakwa rangi za kijivu kwa makusudi, kwa sababu mikanda ya wakati ule haikuusoma wekundu, na kitu chekundu kilitokea cheusi.

Simama kwenye tukio la kuingia Orléans. Msafara wa askari wenye deraya, bendera na farasi unapita mbele ya malango ya mji, nao ni kama hauna mwisho. Katalogi ya kampuni yake ilijigamba kwamba filamu ina watu wapatao 500. Tazama tena taratibu, macho yako kwenye mavazi. Wale waliokwisha kupita wanatokea tena upande uleule walikoanzia, maana walizunguka nyuma ya pazia na kurudi. Kwa kikosi kidogo akajaza mji mzima. Kamera haikutikisika hata kidogo, na ingesogea tu, ujanja ungeonekana. Kile tunachokiona leo kama upungufu ndicho kilichofanikisha tukio lenyewe.

Halafu kuna rangi. Nakala iliyotufikia ilipakwa rangi kwa mkono. Mkanda ulikuwa na urefu wa mita zipatazo 250, na mita moja ya mkanda wa milimita 35 ina fremu 52 na kitu. Ukizidisha unapata zaidi ya picha 13,000, kila moja ndogo kuliko stempu kubwa ya barua, na zote zikapitiwa kwa brashi. Mara nyingi kazi hii kwa filamu za Méliès ilifanywa na karakana ya Elisabeth Thuillier jijini Paris, iliyokuwa na wanawake zaidi ya 200. Kila mmoja alipaka rangi yake moja, kisha mkanda ukaenda kwa mwenzake. Majina yao karibu yote hayajulikani, na ni jambo linaloniuma kila nikiitazama kazi yao.

Zingatia pia kile Méliès alichokipa nafasi. Mwanzoni malaika na watakatifu wanatokea msituni mbele ya Jeanne, gerezani anaota ndoto, na baada ya moto anapaa mbinguni. Mahojiano ya kesi, ambayo kumbukumbu zake zimehifadhiwa kwa maandishi, yanapita haraka. Mwanahistoria angefanya kinyume. Lakini ukumbini watu walikuja na hadithi waliyoipata kwa bibi zao na kwenye vioo vya rangi vya makanisa, na humo malaika hawakosekani.

Ukumbini hakukuwa na kimya. Filamu ya mwaka 1900 haikuwa na maandishi kati ya matukio, hivyo mara nyingi msimulizi alisimama kando ya pazia akaeleza na kutaja majina, huku piano ikipigwa. Aliyekulia kwenye vibanda umiza, akimsikiliza Lufufu au DJ Afro akiifasiri filamu ya kigeni kwa namna yake, hahitaji kuelezwa zaidi raha ya jambo hilo.

Mwaka 1923, akiwa amefilisika, Méliès alizichoma nakala mama zake. Kati ya filamu zake zipatazo 520, zinazojulikana kuwapo leo zinazidi 200 kidogo, na zimesalimika kwa sababu nakala zilikuwa zimeuzwa mbali. *Jeanne d'Arc* nayo ilidhaniwa kwa muda mrefu kuwa imepotea.

Méliès alifariki mwaka 1938, kwa hiyo muda wa hakimiliki ya filamu hii huko Ufaransa umekwisha, na inapatikana bure mtandaoni. Chagua nakala yenye rangi. Muziki utakaousikia umeongezwa na watu wa zama zetu, kwa hiyo unaweza kuuzima bila kuikosea filamu. Kama una watoto nyumbani, wasimulie kwanza kisa cha Jeanne hadi wakijue, kisha mpe mmoja wao kazi ya kuwa msimulizi wakati picha zinapita.