Nairobi ilipofunguliwa 2020: yaliyosemwa mitaani na yaliyokuwa kweli

Saa kumi alfajiri ya Julai 7, 2020, vizuizi viliondolewa kwenye barabara za kuingia na kutoka Nairobi. Jiji lilikuwa limefungwa tangu Aprili 6 kwa sababu ya korona. Mabasi ya Kisumu na Kakamega yakajaa tena, na maneno ya mitaani yakaanza. Mengine yaliponza watu.

"Wamefungua, basi korona imeisha."
Hii ndiyo iliyoumiza zaidi. Rais Uhuru Kenyatta alipotoa tangazo, visa vilivyothibitishwa nchini vilikuwa takriban 8,000. Mwisho wa mwezi huohuo vilipita 20,000. Jiji lilifunguliwa kwa sababu muuza mboga wa soko la Gikomba na kibarua wa mjengo wasingeendelea kukaa bila kipato. Sababu hiyo ilikuwa ya haki, na bado naiunga mkono. Lakini tangazo lilikuja na masharti: kafyu ya kuanzia saa tatu usiku ilibaki, ibada isizidi watu 100 na saa moja, na wenye zaidi ya miaka 58 wasihudhurie. Julai 27 Rais alirudi hewani na kupiga marufuku pombe mikahawani.

"Nimepimwa joto mlangoni, niko sawa."
Kipima joto kile cha umbo la bastola kinasoma joto la ngozi tu. Mtu aliyetoka kwenye baridi ya asubuhi anaelekezewa kwenye paji la uso au mkononi, kinasoma chini kuliko joto lake halisi, anapita. Kibaya zaidi, mwenye korona anaweza kuambukiza siku moja au mbili kabla ya dalili, na wengine hawapati homa kabisa. Ndiyo maana hata aliyejisikia mzima alitakiwa avae barakoa.

"Bora nimenawa mikono."
Kunawa kuna faida, na huzuia magonjwa mengi. Korona, hata hivyo, husambaa zaidi kwa hewa tunayovuta. Julai hiyohiyo wanasayansi 239 walichapisha barua ya wazi wakiitaka dunia ya tiba ilizingatie jambo hilo.

Tazama matatu ya viti 14, iliyoamriwa kubeba abiria 8 huku nauli ikipanda. Makanga anammiminia kila abiria sanitaiza mlangoni. Wote wakishaketi, madirisha yanafungwa, maana Julai Nairobi ni baridi. Simu ya mtu inalia, anashusha barakoa kidevuni, anaongea kwa nguvu ili asikike juu ya muziki. Sauti kubwa mahali pasipopita hewa ndiyo humwaga virusi kwa wingi, na abiria wote wanavuta hewa ileile mpaka mwisho wa safari. Ningekuwa na uwezo, kila matatu ingebandikwa maneno mawili: fungua dirisha.

Kupulizia dawa barabarani nako kulionekana kama kazi kubwa. Shirika la Afya Duniani lilisema mwezi Mei 2020 kwamba halishauri jambo hilo, na kwamba kumpulizia mtu dawa kunaweza kumdhuru macho, ngozi na mapafu.

"Wachuuzi ndio wanaosambaza."
Walilaumiwa mno, na kwa kuonewa. Mahali pa wazi virusi hutawanyika haraka. Msongamano wa sokoni ulikuwa na hatari yake, lakini kikao cha saa mbili katika ofisi ambayo madirisha yake hayafunguki kilikuwa na hatari zaidi, na waliokaa humo hawakufukuzwa na askari wa kaunti.

"Tukishafunguliwa, hatufungwi tena."
Machi 26, 2021, safari za kuingia na kutoka Nairobi, Kajiado, Machakos, Kiambu na Nakuru zilipigwa marufuku, hadi Mei 1. Kafyu ya nchi nzima iliondolewa Oktoba 20, 2021. Sharti la kuvaa barakoa mahali pa wazi liliondolewa Machi 2022, miaka miwili tangu kisa cha kwanza kutangazwa.