Kura zilizoharibika hazifanyi uchaguzi urudiwe

Kwenye magrupu ya Mbeya, Mafinga na Makambako huzunguka ujumbe huu: kura zilizoharibika zikizidi nusu, uchaguzi wa Rais unarudiwa. Si kweli. Ibara ya 41(6) ya Katiba ya Tanzania inamtangaza mshindi kwa kupata kura nyingi kuliko mgombea mwingine yeyote; zilizoharibika huwekwa pembeni tu. Kwa hiyo anayeharibu kwa makusudi akidhani anapinga, kwa kweli anawaachia wengine waamue.

Mkanganyiko unaeleweka: hadi mabadiliko ya mwaka 2000 sharti lilikuwa mshindi apate zaidi ya nusu ya kura halali, na Kenya bado wana sharti la zaidi ya nusu.

Ukikosea kabla ya kutumbukiza karatasi, mrudishie msimamizi wa kituo, akupe nyingine. Ujumbe huo ukikufikia, fungua Katiba kwanza, usiusambaze.