Maana ya ujasiri wa kushuhudia imani

Ujasiri wa kushuhudia, kwa matumizi ya Wakristo, ni ule uhuru wa moyo unaomwezesha mwamini kueleza waziwazi habari za Yesu na yale ambayo Yesu amemtendea, hata mbele ya mtu anayeweza kumcheka, kumkasirikia au kumwuliza swali ambalo hana jibu lake. Mhubiri hufafanua Neno mbele ya kusanyiko. Anayeshuhudia husema aliyoyaona, kama shahidi wa mahakamani ambaye hatakiwi kuijua sheria. Kwa hiyo ujasiri huu haupimwi kwa elimu ya theolojia wala kwa ukubwa wa sauti, na pengine ni rahisi zaidi kuwahubiria abiria wa stendi usiowajua kuliko kumweleza shemeji yako mkiwa mezani.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa Petro. Usiku ule Yesu alipokamatwa, kijakazi mmoja alimwona ameketi kwenye mwanga wa moto, akamkazia macho na kusema kwamba huyu naye alikuwa pamoja naye, Petro akakana. Katika Matendo sura ya 4 mtu huyohuyo anasimama na Yohana mbele ya baraza la wakuu, na wakuu wanastaajabia ujasiri wa watu wasio na elimu. Yanayofuata katika sura hiyo wasomaji wengi huyapita haraka mno. Wakiisha kutishwa na kuachiliwa, wawili hao waliwarudia wenzao, na wote kwa pamoja wakamwomba Mungu awajalie kulinena neno lake kwa ujasiri, wala hawakuomba waondolewe vitisho. Paulo naye, akiwa kifungoni, aliwasihi Waefeso wamwombee ujasiri huohuo, na kwa Wakorintho alikiri kwamba alifika kwao katika udhaifu na hofu. Anayetetemeka kabla ya kufungua kinywa, basi, hajapungukiwa na imani kuliko mitume.

Hofu hiyo ina sababu zaidi ya moja, lakini iliyo nzito, kwa maoni yangu, ni ya kuumbuliwa: msikilizaji anaijua tabia yako, anayajua madeni yako na jinsi unavyomsema jirani. Hapa Uamsho wa Afrika Mashariki una la kufundisha. Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi wa Kampala na daktari Mwingereza Joe Church, aliyefanya kazi katika hospitali ya Gahini nchini Rwanda, walisoma Biblia na kuomba pamoja. Katika miaka ya 1930 uamsho ukawaka Gahini, ukaenea hadi Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika. Ndugu wa uamsho, ambao wengi waliwaita walokole, walisisitiza kutembea nuruni, yaani kuungama dhambi kwa kuzitaja, kurudisha mali iliyoibwa na kuomba radhi kwa aliyekosewa, awe Mwafrika au mmisionari. Mtu aliyekwisha kumrudishia mwajiri wake kitu alichomwibia, na kukiri hivyo mbele ya wenzake, hana tena siri ya kumziba mdomo. Ni kweli kwamba ungamo la namna hiyo liliweza kugeuka mazoea, hata majivuno, lakini mpangilio wenyewe, yaani ungamo kwanza na ushuhuda baadaye, ulikuwa sahihi. Nchini Kenya, wakati wa vita vya Mau Mau katika miaka ya 1950, wengi wao walikataa kula kiapo cha Mau Mau na pia walikataa kushika silaha upande wa serikali ya kikoloni, na baadhi yao waliuawa.

Kwa Mkristo wa kawaida, ofisini au nyumbani, kipimo kinachofaa kimo katika 1 Petro 3:15, panapoagizwa kuwa tayari kumjibu kila anayeuliza habari za tumaini tulilo nalo, lakini kwa upole. Andiko hilo linachukulia kwamba kuna mtu ameuliza, na mtu huuliza akiona jambo. Mwenzako kazini akitaka kujua kwa nini hukutia saini risiti ya uongo, sentensi mbili za kweli zinatosha, na neno “sijui” linaruhusiwa pale usipojua. Kwa jirani Mwislamu, ujasiri ni pamoja na kumsikiliza naye aeleze imani yake mpaka amalize, bila kumkatiza, na kuyaacha mazungumzo akionyesha kwamba hataki kuendelea.