DNS iliyosimbwa: nani hasa anaijibu simu yako?

Kuna maelekezo yanayozunguka sana kwenye magrupu ya WhatsApp hapa Dar: ingia kwenye mipangilio ya simu, tafuta Private DNS, andika dns.adguard-dns.com, matangazo yatakata na bando litadumu. Kwa sehemu kubwa ni kweli. Tatizo ni kwamba yanachanganya mambo mawili, kusimba na kuchuja, na mtu akishayachanganya hushindwa kuelewa kwa nini kesho yake Wi-Fi ya hoteli inamkatalia, au kwa nini matangazo yamerudi wakati hajagusa kitu.

Tuanze na DNS yenyewe. Ni mfumo wa majina wa intaneti, uliobuniwa na Paul Mockapetris mwaka 1983. Kompyuta hutafutana kwa anwani za namba, sisi tunakumbuka majina. Kwa hiyo ukiandika jina la tovuti, simu huuliza kwanza seva ya DNS: huyu anapatikana anwani gani? Usipopanga vingine, swali hilo huenda kwenye seva ya kampuni ya laini yako, au ile iliyowekwa na mwenye Wi-Fi uliyojiunga nayo, kupitia mlango namba 53 (mlango hapa ni namba inayotenganisha aina za mawasiliano), likiwa wazi kabisa. Ni kama mgeni aliyesimama katikati ya Mtaa wa Kongo pale Kariakoo akauliza kwa sauti duka la fulani liko wapi. Anayemjibu anamsikia, waliosimama pembeni nao wanasikia, na mjanja mmoja anaweza kudakia swali akampeleka kwingine.

Kusimba ni kulifunga swali hilo kwa namna ambayo atakayelisoma ni yule tu aliyekusudiwa kulijibu. Njia zinazotumika sana ni mbili. DNS juu ya TLS (mfumo wa kusimba mawasiliano), kwa kifupi DoT, ilitolewa kama kiwango mwaka 2016 nayo ina mlango wake, namba 853. Msimamizi wa mtandao asiyeitaka huufunga mlango huo tu. DNS juu ya HTTPS, yaani DoH, ilifuata mwaka 2018. Hii hupita mlango 443, ule ule unaopitisha kurasa za kawaida za wavuti, ndiyo maana ni vigumu kuitenga bila kuvuruga mengine.

Sasa hapa watu wengi huteleza. Swali likisimbwa, bado kuna mtu analisoma: mwenye seva uliyoichagua. Umeihamisha imani yako kutoka kampuni ya laini kwenda kwa mtoa huduma wa DNS kama Cloudflare, Google, Quad9 au AdGuard. Hilo linaweza kuwa chaguo zuri, ila ni chaguo, na mtu anapaswa kujua amelifanya. Pia kampuni ya laini bado inaiona anwani ya IP unayoiendea, na mara nyingi hata jina la tovuti, kwa sababu jina hilo hutajwa wazi muunganisho wa HTTPS unapoanza. Kwa sababu hiyo hiyo DNS iliyosimbwa si VPN, ile huduma inayopitisha mawasiliano yako yote kwenye seva nyingine. Haikufichi ulipo wala haikubadilishii nchi. Hapa kwetu tofauti hiyo ina uzito wake pia, kwani Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, ilitoa tangazo la kuwataka wanaotumia VPN wajisajili.

Kuhusu matangazo: kinachoyazuia ni orodha ya majina ambayo seva inakataa kuyajibu. Kusimba hakuhusiki. AdGuard wana orodha ya matangazo. Quad9 huzuia majina yanayojulikana kwa virusi na utapeli, matangazo inayaacha. Cloudflare ya 1.1.1.1 haichuji chochote, 1.1.1.2 huzuia programu hasidi, na 1.1.1.3 huongeza kuzuia picha za ngono, nzuri kwa simu ya mtoto. Aliyeweka one.one.one.one, yaani jina la hiyo 1.1.1.1, akisubiri bando lipungue matumizi atasubiri sana. Na hata orodha nzuri haitakutolea matangazo ya YouTube, kwa kuwa yanakuja na majina yale yale yanayoleta video.

Mpaka hapo ni rahisi. Ugumu unaanza pale kifaa kimoja kinapokuwa na wajibuji watatu: mfumo wa simu, kivinjari, na kizuia matangazo.

Android ilipata Private DNS kuanzia toleo la 9, mwaka 2018. Ikiwa kwenye hali ya kujiendesha yenyewe, simu hujaribu kusimba na seva ya mtandao uliopo. Ikishindikana inarudi kuuliza wazi, bila kukwambia. Ukiandika jina la mtoa huduma, hairudi nyuma: ama swali lisimbwe, ama intaneti isifunguke. Huo ndiyo ulinzi unaoutaka, na ndiyo sababu pia Wi-Fi zenye ukurasa wa kuingiza namba ya chumba au vocha hugoma. Zima kwanza, ingia, kisha washa tena.

Firefox huweza kuwa na DoH yake isiyojali mfumo umepangwaje. Ngazi yake ya juu kabisa ya ulinzi hairudi kwenye DNS ya wazi mpaka uikubalie. Ngazi za chini hurudi. Chrome ni mpole zaidi. Ukiiacha ilivyo, humtumia mjibuji yule yule wa mfumo na humsimbia ikiwa inamtambua kuwa anapokea DoH. Matokeo yake, simu au kompyuta inayotumia DNS ya kampuni isiyo na DoH itaendelea kuuliza wazi hata kama swichi ya DNS salama kwenye Chrome inaonekana imewashwa. Hiyo swichi imewapa watu wengi utulivu wasiostahili.

Kwenye kompyuta, Windows 11 ina sehemu ya kuwasha DoH unapoandika anwani ya DNS kwa mkono. Kwa mwenye Windows 10, na ofisi nyingi hapa mjini bado zinazo, fanya kwenye kivinjari. iPhone imeipokea tangu iOS 14, na njia ya uhakika ni programu ya mtoa huduma au faili yake ya usanidi.

Vizuia matangazo navyo si jamii moja. uBlock Origin hukaa ndani ya kivinjari na kukata ombi kabla DNS haijaulizwa, kwa hiyo haigombani na mpangilio wowote. Programu ya AdGuard ya Android (si ile seva yake ya DNS) ni tofauti: inashika nafasi ya VPN ndani ya simu ili mawasiliano yote yapite kwake. Ukiwa umeandika pia jina kwenye Private DNS, maswali hutoka yakiwa yamekwisha fungwa na kichujio chake cha DNS hakiyaoni. Hapo zima Private DNS, uchague seva iliyosimbwa ndani ya AdGuard yenyewe. Na wenye Pi-hole ofisini, ile inayochuja mtandao mzima, wajue kwamba kivinjari chenye DoH yake huiruka. Firefox iliyoachwa kama ilivyokuja huheshimu ishara ya kuzima DoH ambayo Pi-hole huitoa, lakini mfanyakazi akiiwasha mwenyewe, ishara hiyo haina nguvu.

Ushauri wangu ni kuchagua mahali pamoja tu. Kwa simu ya kawaida ya Android, Private DNS inatosha na vivinjari viachwe vifuate mfumo. Ukisha panga, hakikisha: ukurasa wa 1.1.1.1/help hukuonyesha kama unatumia Cloudflare na kama ni kwa DoH au DoT, na on.quad9.net hukuonyesha kama unatumia Quad9. Ufungue kwa kila kivinjari ulichonacho, mara moja ukiwa kwenye data na mara moja kwenye Wi-Fi, kwa sababu majibu yanaweza kutofautiana.