Breki kufeli: maana yake, na la kufanya pedali ikizama

Tukisikia gari "limefeli breki" tunadhani kuna kitu kimekatika. Mara nyingine ni kweli: paipu imepasuka, oili imemwagika. Lakini maana yenyewe ni kwamba nguvu ya mguu wako haifiki kwenye magurudumu. Ukikanyaga pedali unasukuma oili kwenye paipu nyembamba, nayo hubana pedi kwenye diski inayozunguka na gurudumu. Oili haibonyei, ndiyo maana kazi hiyo inaiweza. Mvuke hubonyea.

Hapo ndipo sisi wa Mombasa tuna shida zaidi. Oili ya breki hunyonya unyevu wa hewani, na pwani unyevu hauishi. Oili ya DOT 3, aina moja ya oili ya breki, ikiwa mpya haichemki kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi. Ikishakunywa maji, hata 140 yaweza kuchemka. Shuka kutoka Mazeras kuja Miritini na mzigo, mguu juu ya breki njia nzima: pedi zinawaka moto, maji yanageuka mvuke, pedali inazama hadi chini. Ndiyo maana mteremko hushukwa kwa gia ndogo.

Fundi mmoja mzee wa Changamwe alinifungulia kifuniko cha chupa ya oili ya breki nikaona mwenyewe. Oili iliyopasa kuwa ya manjano, angavu, ilikuwa kama kahawa chungu. "Mwanangu, hii ni ya kumwaga leo," akaniambia. Nilikuwa nimekaa nayo miaka 5. Kwa kawaida hubadilishwa kila miaka 2.

Pedali ikizama, usizime injini: usukani utakuwa mzito, na ukichomoa ufunguo utajifunga. Kanyaga na kuachia upesi upesi, mara nyingi nguvu kidogo hurudi. Shusha gia moja baada ya nyingine. Gari la otomatiki litie L au 2. Kisha handibreki. Hii ya kuvuta kwa mkono hutumia waya, haihitaji oili, lakini ivute polepole huku umebonyeza kitufe, la sivyo magurudumu ya nyuma yatakwama na gari liserereke. Honi usiiachie. Tafuta mchanga, kichaka, au njia inayopanda.

Likisimama, usidanganyike. Breki zikipoa, mvuke hurudi kuwa maji na pedali huwa ngumu tena kama kwamba hakukutokea kitu. Usiondoke nalo, hata kama ni kufika Likoni tu. Ita brekidauni.